Ukuta wa Maganda

Ukuta wa muuza nyama ulianguka saa nne asubuhi, siku ya pili ya mvua, wakati jua limechungulia kidogo na wanawake wameanza kutoa nguo za kuanika. Ulianguka wote kwa mkupuo mmoja, kona hadi kona, tofali tupu likabaki limelala juu ya tofali. Chini yake alikuwa amekaa dada wa muuza nyama, mshonaji, ambaye tangu ukuta ule ujengwe alikuwa akiweka cherehani yake ubavuni mwake kukwepa upepo.

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Maganda hakuuona ukianguka. Saa hiyo alikuwa mlango wa nyuma wa jiko la keki, mitaa miwili kutoka pale, anabishana na mpishi.

"Nilikwambia uje kabla ya saa mbili," mpishi alisema. "Sasa tajiri ameshafika. Unataka aone nzi wako?"

"Ni mvua, kaka yangu. Njia nzima tope."

"Mvua ilikunyeshea wewe peke yako?" Mpishi akabinua ndoo. Maganda ya mayai yakamwagika sakafuni, ute ukamtiririkia Mama Maganda vidoleni mwa miguu. "Haya, okota. Na ukimaliza ufagie."

Aliokota. Alishazoea, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila siku maganda kama yale aliyaosha, akayaanika, akayachoma kwa moto wa pumba za mpunga katika tanuri alilolijenga mwenyewe uani kwake. Kilichotoka aliloweka, akakausha, akachekecha pamoja na majivu ya zile pumba, akapata unga wa kijivu laini kama poda. Mumewe, mwashi aliyeitwa Timazi kwa jinsi kuta zake zilivyosimama wima, aliuchanganya na simenti: karai moja la unga kwa makarai matatu ya simenti. Mwanzoni watu walicheka, wakauliza kama nyumba zao zitataga. Simenti ilipopanda bei wakaacha kucheka, wakaanza kubisha hodi.

Mama Maganda alikuwa ameshika ufagio, mwanamke mmoja wa mtaani kwao alipopita mbio, kanga mkononi.

"Mama Maganda! Wewe uko hapa? Ukuta wenu umemlalia mshonaji!"

"Ukuta wetu upi?"

"Wa kwa Bucha! Kimbia!"

Aliacha gunia, akaacha viatu.

Alipofika wanaume walikuwa wameshaondoa tofali nyingi. Mshonaji alikuwa amelala kifudifudi, uso umepauka kwa vumbi, hai. Cherehani ilikuwa imemwangukia, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kile chuma, umebanwa kati yake na jiwe la msingi. Walipokiinua chuma, mkono haukuinuka nacho. Ulibaki pale pale, bapa, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mshonaji aliutazama kwa mshangao, kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba isiyo na pumzi.

"Shoga yangu," Mama Maganda akasema, akapiga magoti. "Shoga yangu, niangalie mimi."

Mshonaji ndiye aliyewatafutia, yeye na Timazi, kazi ya ukuta ule. Ndiye aliyemwambia kaka yake, "Wajenge hawa, nawajua, mikono yao haidanganyi." Sasa alimwangalia Mama Maganda, akafungua mdomo, likatoka neno moja tu. "Maganda."

Muuza nyama, ambaye mtaa ulimwita Bucha, alikuwa amesimama nyuma yao na aproni yake ya kazi. Alikuwa mtu mnene, mpole dukani, mwepesi wa kuongezea mteja kipande cha mfupa. Alimtazama dada yake akipakiwa kwenye pikapu ya jirani. Kisha akaingia dukani, akatoka na shoka la kukatia mifupa.

"Yuko wapi Timazi?" akauliza. Hakupaza sauti. Ndiyo maana watu wote walisikia.

* * *

Mama Maganda alipita uchochoroni akafika nyumbani kabla yao. Timazi alikuwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi twende tukasaidie! Mkono wake, baba watoto, mkono wake umekwisha!"

Timazi hakuinua uso. Kando yake kulikuwa na mfuko wenye shati, suruali na kitambulisho chake. Mama Maganda aliuona mfuko ule na bado hakuelewa; watu huona mengi siku kama ile, akili ikafuata baadaye.

Mlango ulipigwa teke ukatoka na bawaba zake. Waliingia watano, sita, wengine wakabaki uani kwa kukosa nafasi. Walimtoa Timazi kwa miguu, kichwa kikigonga kizingiti. Wa kwanza kumpiga alikuwa kinyozi wa jirani, mtu aliyekuwa akimnyoa ndevu kila Ijumaa na kumtania. Alimpiga ngumi ya mdomo, na jino likatoka. Baada ya hapo hakukuwa na wa kwanza wala wa pili. Kulikuwa na viatu, fimbo, na mpini wa beleshi lake mwenyewe. Mama Maganda alisikia mbavu zikivunjika, mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni kavu kwa goti.

"Muueni tu!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Ametujengea makaburi!"

Wengine walikuwa wamelivamia tanuri. Nyundo kubwa ilianza kulia. Magunia ya unga yalipasuliwa, na uani pakawa na ukungu mweupe, watu wakikohoa na kutukana. Katikati ya ukungu ule muuza nyama alikuja akitembea polepole, akalishika shoka kwa mikono miwili, akaligeuza ili bapa ndilo litangulie.

"Mshikeni mkono," akasema. "Wa kulia. Muwekeeni jiwe chini."

Mama Maganda aliitazama ndoo iliyokuwa mlangoni mwa tanuri. Ilikuwa na chokaa ya juzi aliyoitoa motoni, ile ambayo bado haijaonja maji. Chokaa ya namna hiyo ikikuta jasho huchemka. Aliijua vizuri, alikuwa na makovu yake viwikoni. Aliinyakua.

"Rudini nyuma! Nitawatia machoni!"

"Acha mchezo, Mama Maganda," kinyozi akasema, huku akimsogelea na mkono mbele, kama anayemtuliza mbuzi. Uso wake ulikuwa umelowa jasho la kupiga.

Alimmwagia.

Kinyozi alipepesa macho. Kisha akapiga ukelele ambao hata waliokuwa wakivunja tanuri waliacha. Alijishika uso, na kadiri alivyojipangusa ndivyo alivyojichoma. Ngozi ya shavu ilianza kutoka kama utando wa maziwa.

"Usijisugue!" Mama Maganda mwenyewe akapiga kelele, ndoo bado mkononi. "Kung'uteni kwanza, halafu maji! Maji mengi! Leteni pipa!" Hakuna aliyesogea, kwa hiyo akaitupa ndoo, akamkokota kinyozi kwa shati hadi kwenye pipa, akamtumbukiza kichwa, akamtoa, akamtumbukiza tena, wote wawili wakilia.

Hivyo ndivyo mwenyekiti wa mtaa alivyowakuta. Alikuwa mzee mwembamba mwenye daftari kwapani, aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja na hofu ya miaka yote kwamba mtu atauawa mtaani kwake.

"Polisi nimewapigia," alisema akihema. "Watakuja wakija. Lakini atakayemgusa mtu tena hapa, jina lake ninalo. Kesho saa tatu, ofisini kwangu, kila mmoja aje na mdomo wake. Bucha, weka hilo shoka chini, mwanangu. Dada yako anakuhitaji hospitali, sio jela."

Muuza nyama alilishusha shoka. Alimtazama Timazi aliyelala, akamtemea mate, akaondoka.

* * *

Mama mkwe alifika mchana, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kumsogeza Mama Maganda pembeni ya kitanda kwa kiwiko.

"Toka. Umeshamaliza kazi yako."

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke. Mwanangu alikuwa mwashi. Watu walimfuata kwa magari. Umekuja wewe na uvundo wako wa mayai, ukamfanya mzoa taka. Leo wanampiga kama mwizi wa kuku kwa ajili ya takataka zako."

Neno la mshonaji lilikuwa limemkaa Mama Maganda moyoni tangu asubuhi. Maganda. Je, alikosea? Labda moto haukutosha. Labda pumba zilikuwa na unyevu. Alihesabu siku, akakumbuka kila mchomo wa mwezi ule, na hakupata alipokosea. Mabinti wake wawili waliporudi kutoka shule aliwapeleka kwa jirani, akajifunika kanga kichwani, akaenda kuutazama ukuta.

Hapakuwa na mtu ila kibarua mmoja, bwana wa makamo mwenye ndevu za mvi, ambaye ndiye aliyewakorogea udongo wa kujengea wiki zote za kazi ile. Alikuwa anapanga tofali nzima nzima pembeni. Alipomwona alisimama, akaangalia chini.

Mama Maganda aliokota bonge la udongo lililokuwa kati ya tofali mbili. Alilibana kwa vidole viwili. Liliporomoka. Akaokota jingine, akaliminya. Likawa vumbi, vumbi jeupe, jeupe mno. Udongo wake uliokorogwa sawasawa huwa wa kijivu, na ukikauka hukwangui kwa ukucha. Akaonja kwa ncha ya ulimi. Chokaa, mchanga, majivu. Basi.

"Kaka," akasema. "Humu hamna simenti."

Kibarua alijikuna ndevu.

"Mimi ni mtu wa koleo, dada yangu. Naambiwa tia, natia."

"Uliambiwa utie nini?"

"Siku tatu za mwanzo, sawa, kama ulivyoagiza. Halafu Fundi akasema tugeuze. Matatu ya unga wako, moja la simenti. Siku za mwisho hata hilo moja lilikuwa la kutafuta kwa tochi."

"Na mifuko ya Bucha? Si alileta mifuko arobaini?"

Kibarua alimtazama kwa mara ya kwanza, na machoni mwake mlikuwa na kitu kinachofanana na huruma.

"Dada, mimi ndiye niliyeisukuma kwa mkokoteni. Nilidhani unajua. Niliishusha kwenu."

* * *

Alirudi akitembea katikati ya njia. Watu walimpisha. Aliingia chumbani akasimama juu ya sakafu mpya.

Ilikuwa sakafu nzuri. Kabla yake walikuwa wakiishi juu ya udongo, na mabinti walikuwa wakiamka na mafua kila msimu wa mvua. Wiki tatu nyuma Timazi alikuwa amemwaga zege vyumba vyote viwili na baraza, akasakafia hadi ikang'aa, akamwita mkewe avue viatu aikanyage. "Bucha ametupa mifuko ya ziada," alisema. Mama Maganda alicheka, akalala juu yake chali, akapiga mikono kama anaogelea. Walikuwa hawajacheka pamoja hivyo kwa miaka.

"Mama watoto," Timazi akaita kutoka kitandani. Mdomo wake ulikuwa umevimba, maneno yakitoka kwa kuchechemea. "Nipe maji."

"Mifuko mingapi?"

"Nini?"

"Umenilaza juu ya mifuko mingapi ya Bucha?"

Mama mkwe aliinuka. Timazi alifumba macho. Alipofumbua hakuuliza ameambiwa na nani.

"Niliwafanyia nyinyi. Watoto walikuwa wanakohoa. Wewe mwenyewe ulisema unga wako una nguvu, ulisema hata—"

"Nilisema moja kwa matatu! Nilikuimbia! Nilikuandikia kwa mkaa kwenye beleshi!"

"Punguza sauti."

"Mkono wa mwenzangu umekuwa chapati, mimi nipunguze sauti?"

"Nisikilize." Alijiinua kwa kiwiko, akaguna kwa maumivu. "Kesho ofisini useme ulikosea kuchoma. Useme mchomo mmoja haukuiva. Wewe mwanamke, una watoto, watakutukana yatakwisha. Mimi ulimwona Bucha. Atanikata mikono. Nikikosa mikono tutakula nini? Maganda?"

"Sema ndiyo, mwanangu," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza mchana ule sauti yake ilikuwa laini. "Ndoa ni kusitiriana."

"Mimi simsitiri. Shoga yangu yuko hospitali anakatwa mkono, na ninyi mnanigawia uongo kama sahani."

Timazi alikuwa na pimamaji ya chuma ukingoni mwa kitanda. Mama Maganda hakuamini kwamba mtu mwenye mbavu zile angeweza kuinuka. Aliinuka. Pimamaji ilimpata juu ya sikio, akaanguka kwa magoti juu ya ile sakafu ya kung'aa. Pigo la pili lilimpata begani. La tatu alilidaka. Alikivuta kile chuma kwa mikono miwili, na Timazi akaja nacho, akaangukia ubavu uliovunjika, akalia kama mtoto. Mama Maganda alisimama juu yake na chuma mkononi, damu ikimtiririka shingoni. Alikinyanyua. Mama mkwe alikuwa akipiga mayowe, lakini hakusogea.

Alimtazama mumewe aliyejikunja, mikono miwili kichwani. Mikono ile alikuwa ameipenda kabla ya kumpenda mwenyewe. Akashusha chuma, akakitupa nje kwenye tope, akaenda kulala kwa jirani na watoto wake.

* * *

Ofisi ya mtaa ilijaa hadi watu wakaning'inia madirishani. Kinyozi alikuwa mbele, nusu ya uso imefungwa bandeji. Muuza nyama alikaa peke yake kwenye benchi, hakuna aliyethubutu kumkaribia. Alikuwa ametoka hospitali alfajiri. Walikuwa wameukata mkono wa dada yake chini kidogo ya kiwiko.

Timazi aliletwa ameegemea bega la mama yake. Mwenyekiti alimpa nafasi ya kwanza.

"Mimi ni mwashi wa miaka kumi na minane," Timazi alisema. "Mnanijua. Hakuna ukuta wangu uliowahi hata kupinda. Kosa langu ni moja: nilimwamini mke wangu. Unga aliouleta kazi ile ulikuwa mbovu."

Kelele ziliinuka. Mtu alimrushia Mama Maganda ganda la yai, kisha jingine. Walikuwa wamekuja nayo mifukoni. Muuza nyama aliinuka, akavuka chumba, akamzaba kofi ambalo lilifungua upya jeraha la juu ya sikio. Mama Maganda aliyumba, akashika ukuta, akasimama.

"Umemaliza?" akamuuliza.

Muuza nyama alimnyooshea kidole. "Dada yangu alikusifu wewe. Kila siku wewe."

"Najua. Sasa kaa, nami niseme."

Aligeukia watu. Kanga yake ilikuwa imelowa damu begani, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Walioenda kuvunja tanuri langu jana wamo humu. Nimewaona. Mnyooshe mikono, sitawashitaki. Nataka swali moja tu."

Vichwa viligeuka. Kisha mikono mitatu, minne, ikainuka kwa aibu.

"Tanuri lile nimelijenga mwenyewe kwa unga huo huo wa maganda, moja kwa matatu ya simenti. Mlilivunja kwa mapigo mangapi?"

Wanaume walitazamana. Mmoja, mbeba mizigo mwenye shingo nene, akakohoa.

"Hatukulivunja," akasema. "Tumevunja mlango wake. Ukuta ulikataa. Mpini wa nyundo ulikatika."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

"Sasa nendeni kwa Bucha mkaokote udongo wa ukuta ule. Muubane kwa vidole. Mimi nimeubana. Hamna simenti mle. Na simenti ikiwa hamna, hata nisage dhahabu haitashika." Alimeza mate. "Mifuko ya Bucha iko nyumbani kwangu, imekuwa sakafu. Nimeikanyaga wiki tatu. Sikujua, lakini nimeikanyaga. Aliyeisukuma na mkokoteni ni yule pale mlangoni, muulizeni."

Kibarua mwenye ndevu alivua kofia. "Ni kweli," akasema. "Mifuko ishirini na mitano. Nilipewa chakula cha mchana ninyamaze."

Timazi aligeuka kutafuta mlango. Mlango ulikuwa umejaa watu. Muuza nyama alikuwa hana shoka siku ile, mwenyekiti alihakikisha, lakini mezani kulikuwa na jiwe la kulalia karatasi, kubwa kama kichwa cha mtoto. Alimkamata Timazi kwa kola, akamlaza mkono mezani juu ya daftari la mtaa, akapiga. Mwenyekiti alimrukia mgongoni. Akapiga tena, mwenyekiti akining'inia. Mara ya tatu jiwe lilipasua meza.

Watu walimtazama Mama Maganda, kama wanaosubiri. Jana alikuwa amemkinga mumewe kwa ndoo ya chokaa. Leo alisimama alipokuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa imekunjika ngumi na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini miguu haikwenda. Mama mkwe alimlilia, "Mwokoe! Mwokoe mume wako!" Naye akasikia sauti hiyo kutoka mbali sana.

Polisi walifika baada ya robo saa. Walimchukua muuza nyama, wakamchukua Timazi.

* * *

Kinyozi hakumfungulia Mama Maganda mlango. Alikwenda mara tatu, na kila mara alisikia redio ikizimwa ndani.

"Ni mimi, jirani. Nimekuletea dawa ya kuungua."

"Iache hapo."

"Nisamehe."

"Nimekwambia iache hapo."

Hospitali ilikuwa ngumu zaidi. Mshonaji alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, shuka imevutwa hadi kifuani. Mama Maganda alisimama mguuni pa kitanda, hakujua aketi au apige magoti. Alisema yote: mifuko, sakafu, kibarua, ofisi, jiwe.

"Kwa hiyo amemvunja mkono," mshonaji akasema.

"Vidole vyote. Daktari anasema hatashika mwiko tena."

"Na wangu umerudi?"

Mama Maganda alipiga magoti.

"Nilidhani nitafurahi," mshonaji akasema. Aligeuzia uso ukutani. "Jana nilimuota Timazi. Nilimuota anashona gauni la harusi, mimi nampitishia uzi. Mjinga mimi." Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala. "Pale nyumbani sasa pako wazi. Mbwa wanaingia hadi jikoni kwa harufu ya nyama. Nani atajenga?"

"Kaka yako atatafuta fundi akitoka."

"Sijauliza kaka yangu atafanya nini."

"Mimi si mwashi, shoga."

"Na mimi si mshonaji," mshonaji akasema. "Tutajifunza."

* * *

Muuza nyama alitoka mahabusu siku ya tisa akamkuta Mama Maganda amepiga magoti kwenye msingi, na kibarua mwenye ndevu anakoroga. Timazi alikuwa amepelekwa kwa mama yake, mkono kwenye plasta, akisubiri kesi yake. Simenti ilikuwa imetoka kwa mabati ya baraza ambayo Mama Maganda aliyauza. Nyingine alikopeshwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa sharti asimwambie mkewe.

"Ondoka hapa," muuza nyama alisema.

"Mwambie dada yako kwanza."

Dada yake alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kushoto ukihangaika na sindano, meno yakishika ncha ya uzi. Hakuinua uso. "Anajenga kwangu," akasema. "Wewe nenda kauze nyama."

Hakwenda. Alisimama pale kutwa. Mama Maganda alijenga mistari miwili, akaibomoa kwa kuwa imepinda, akaijenga tena. Vidole vilimchubuka hadi nyama. Asubuhi iliyofuata muuza nyama alikuja, akauegemea ukuta kwa bega, akausukuma. Haukusogea. Kesho yake vile vile, na kesho kutwa, na kila alipousukuma alimtazama Mama Maganda kana kwamba anatamani uanguke, ili apate cha kumfanya.

Siku ya kumi na sita ukuta ulimpita kimo. Alikuja akiwa na aproni yake ya kazi. Hakutumia bega. Aliupiga ngumi. Akaupiga tena, na tena, kwa mikono miwili, akitoa sauti kama ya mtu anayenyanyua mzigo uliomzidi, na ngozi ya vidole ikafunguka, alama nyekundu zikabaki kwenye udongo wa kijivu. Kibarua aliacha koleo, akataka kwenda kumshika.

"Mwache," mshonaji akasema kutoka kitini. "Mwache apige. Huo hauangukii mtu."

Alipiga mpaka mikono ikakataa kuinuka. Kisha akateleza chini, akakaa kwenye tope mgongo umeegemea tofali, akalia kwa sauti, mtu mzima, majirani wote wakisikia. Mama Maganda alisubiri na mwiko wake. Hakumgusa, hakumwambia pole.

Alipoona ametulia, alichutama mbele yake.

"Bucha," akasema. "Sogea kidogo upande ule. Hapo ulipoegemea bado pabichi."

Alisogea.